Lango la Wanawake, Kara-Dobo

Sajini Burulkan alikuwa amepekua wanawake kwa miaka ishirini na kitu, na kazi ile ilikuwa imemwingia mwilini kiasi kwamba hakuweza tena kumkumbatia mtu bila mikono kushuka yenyewe hadi mifukoni. Wajukuu wake walimcheka. "Bibi anatukagua," walisema, na kumgeuzia mifuko ya suruali nje, njugu zikamwagika sakafuni. Yeye hakucheka. Alikuwa anarudi nyumbani hana hata nguvu ya kuvua koti.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kibanda cha bati pembeni ya lango la Kara-Dobo, mahali ambapo Wakirgizi na Wauzbeki walikuwa wakigawana bonde moja, mfereji mmoja na ukwe wa vizazi, hadi nchi zao zilipogawana mpaka katikati yao. Burulkan alipokuwa msichana hapakuwa na lango. Basi lilipita hapo likienda sokoni upande wa pili, na dereva hakumwuliza mtu kitu ila nauli. Kisha nchi ile kubwa ya Kisovieti ikavunjika, zikaja nguzo, ukaja waya, na mabanda ya kukaushia tumbaku alikokuwa akifanya kazi yakafungwa. Idara ya Mipaka ikatafuta wanawake, kwa kuwa mwanamume hakuruhusiwa kumgusa mwanamke mwilini. Burulkan alikuwa na mume mwenye mgongo mbovu na watoto watatu wa kulisha. Akaenda akavaa buti.

Miaka ya mwanzo alitafuta alichoambiwa atafute: dawa za kulevya zilizoshonwa ndani ya magodoro, risasi zilizofichwa kwenye mifuko ya mchele, na mara moja bastola kwenye nepi ya mtoto mchanga. Usiku ule wa bastola hakupata usingizi, maana mtoto alikuwa akimchekea alipokuwa anampekua. Lakini mambo ya aina hiyo yalitokea kwa nadra. Siku nyingi alikuta alichokuwa nacho yeye mwenyewe nyumbani: soksi zilizotiwa viraka, dawa za presha, mkate uliofungwa kwenye kitambaa, picha ya mwana aliyeko Moscow.

Baadaye mpaka ukafungwa. Nchi mbili hazikuelewana, na walioruhusiwa kuvuka ni wale tu wenye msiba, au harusi ya ndugu wa damu, au mgonjwa wa karibu, tena wenye karatasi ya kuthibitisha yenye muhuri wa duara. Hapo ndipo kazi ya Burulkan ilipogeuka kuwa ya mdomo kuliko ya mikono. Kila siku alisimama mlangoni akiwaambia wanawake wa rika lake kwamba karatasi zao hazifai.

"Si mimi, shoga, ni sheria," alikuwa akisema.

"Sheria ina mama?" wakamwuliza. "Sheria imewahi kuuguliwa?"

Baada ya miaka michache akaacha kutafuta jibu. Alisema tu, "Anayefuata."

Asubuhi ya siku ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa tano, na mvua ilikuwa imeshika milimani tangu usiku. Bondeni palikuwa na manyunyu tu. Kapteni Joldoshbek, mkuu wa kituo, alikuwa ameitwa mjini kwenye mkutano, akamwachia kituo Luteni Syimyk, kijana aliyetoka chuoni mwaka mmoja nyuma, mwenye masharubu yaliyokataa kuota. Ukanda wa kati, yaani ile nafasi kati ya lango la nchi hii na lango la nchi ile, ulikuwa umejaa watu. Walikuwa wamevuka daraja la mfereji kutoka upande wa Wauzbeki, wakawa wanangoja zamu yao ya kuingia. Wengi walikuwa wanawake, na wazee kadhaa wenye fimbo.

Miongoni mwao alikuwapo Mahliyo, msichana wa miaka ishirini na mitatu hivi, mwenye skafu ya buluu. Alizaliwa upande huu, katika kijiji cha Chek-Bulak, mwendo mfupi juu ya kilima, akaolewa upande wa pili. Mama yake Saodat alikuwa anaumwa tumbo, na watu walishaacha kulitaja jina la ugonjwa wake. Ilikuwa mara ya tatu Mahliyo kuja na karatasi ya hospitali.

Burulkan akaitazama mbele na nyuma. "Mwanangu, muhuri huu ni wa pembe tatu. Huu ni wa duka la dawa la hospitali. Unatakiwa wa duara, wa mganga mkuu."

"Mganga mkuu yuko likizo, mama."

"Basi msaidizi wake."

"Msaidizi wake alisema nimngoje mganga mkuu arudi." Msichana hakuinua sauti. Alikuwa amechoka kiasi cha kutosha kwa watu wawili. "Mama, mimi nakuomba saa moja tu. Niache skafu yangu hapa, niache viatu. Naenda pekupeku, nitarudi."

"Usinifanyie hivyo," Burulkan akamwambia. "Kaa pale ukutani. Gari la kuwarudisha likija, utaondoka na wenzako."

Mahliyo akaenda kukaa ukutani. Burulkan akasema, "Anayefuata," na magoti yake yakamuuma kana kwamba ndiye aliyekuwa ameketi chini kwenye saruji yenye unyevu.

Ilikuwa karibu na adhuhuri redio ya mawasiliano ilipokoroma. Kituo cha uokoaji cha juu bondeni kilikuwa kinaita, kwa maneno yaliyokatikakatika: tope limeshuka kutoka mlimani, limepita daraja la kwanza, watu waondoke kwenye mabonde. Kisha redio ikanyamaza. Taa za kituo zikazimika, na lango kubwa, ambalo lilifunguliwa kwa umeme, likabaki kama lilivyokuwa, limefungwa.

Luteni Syimyk akatoka ofisini ameshika simu mbili, moja kila mkono. "Hakuna mtandao," akasema. "Dada Burulkan, hakuna mtandao."

"Nasikia."

"Nahitaji amri ya mkoa. Siwezi kuingiza watu nchini bila amri ya mkoa."

Burulkan alikuwa anaangalia mfereji. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa na yanabeba matawi. Aliishi bonde lile maisha yake yote. Alijua kwamba tope likija halishuki kama maji, linashuka kama ukuta. Daraja lilikuwa nyuma ya watu wale, na tayari maji yalikuwa yanarukia mbao zake. Kurudi kwao kulikuwa kumekwisha. Kushoto waya, kulia waya. Mbele yao lilikuwepo lango kubwa lisilofunguka, na pembeni yake mlango mdogo wa chuma wa kuingizia wanawake kwenye kibanda cha upekuzi. Ufunguo wa mlango ule ulining'inia shingoni mwake.

Ng'ambo ya daraja, kwenye lango la upande wa pili, alisimama Hoshimjon, mlinzi wa Wauzbeki. Kwa miaka mingi wawili hao waliinuliana mkono tu asubuhi na jioni, haikuruhusiwa zaidi. Sasa alikuwa ameweka mikono yake mdomoni kama tarumbeta.

"Dada, wafungulie," alipaza sauti juu ya maji. "Mimi siwezi kuwafikia. Wafungulie wewe."

"Tukifungua bila amri," Syimyk akasema, na uso wake ulikuwa umepauka, "hiyo ni kuvunja mpaka wa nchi. Nitafungwa. Utafungwa na wewe."

"Basi andika kwamba ulinikataza nikakataa kusikia," Burulkan akamjibu. "Andika hivyo, Luteni, sitabisha. Halafu uje unisaidie na wazee."

Akafungua mlango.

Walipita wakisukumana, kwa kuwa mlango ulikuwa wa mtu mmoja. Burulkan alisimama pembeni akiwavuta kwa makoti, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia, "Acha mzigo, acha mzigo, juu, makaburini, nendeni makaburini." Kikongwe mmoja alikataa kuacha gunia lake la vitunguu. Burulkan akalinyakua na kulitupa chini, na bibi akamlaani kwa jina la mama yake huku akipita. Mzee wa mwisho hakuweza kutembea. Ni Luteni Syimyk aliyerudi ndani ya ukanda, akambeba mgongoni, akatoka naye huku maji yakimfika magotini.

Walikuwa nusu ya kilima ngurumo ilipofika. Ilikuwa kama malori mengi yanayopanda mlima kwa gia ya kwanza, na harufu yake ilikuwa ya kisima kilichofukuliwa. Tope likafika likiwa na mawe ya ukubwa wa ng'ombe ndani yake, likalichukua daraja, likaichukua mizani, meza, mashine ya kukagulia mizigo. Kibanda cha bati kiligeuka mara moja, taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, kisha hakikuonekana tena. Hoshimjon alionekana upande wa pili amepanda juu ya paa la kituo chao, mzima.

Mvua sasa ilikuwa imefika bondeni pia. Watu walijikunyata katikati ya makaburi, Wakirgizi na Wauzbeki, wengine wakilia, wengine wakihesabu wenzao kwa vidole. Burulkan akazunguka akiwaomba.

"Jamani, msiondoke hapa. Nawasihi. Nitaulizwa kila mmoja wenu yuko wapi."

"Leo hutupekui, Sajini?" mama mmoja mnene, mchuuzi wa skafu, akamwuliza huku meno yakigongana kwa baridi.

"Subiri kwanza nipate pumzi."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliosalimika. Watu wa kijiji cha Kara-Dobo wakawafungulia shule, wakaleta mkate wa tanuri na chai ya kijani kwenye ndoo. Alasiri Kapteni Joldoshbek akafika kwa barabara ya juu, buti zake safi, akakuta darasa la hisabati limejaa raia wa nchi nyingine wasio na muhuri hata mmoja. Hakumgombeza Burulkan mbele yao. Alisema tu kwamba mabasi yanakuja na wote watarudishwa kabla ya giza kupitia daraja la juu lililosalimika, upande wa pili umeshakubali. Majina yakaitwa. Watu wakaitika. Kwa jina la Mahliyo hakuitika mtu.

"Mtu mmoja yuko ndani ya nchi, hana muhuri, hajulikani alipo," Kapteni akasema.

"Anajulikana," Burulkan akajibu. "Yuko kwa mama yake, Chek-Bulak."

"Umejuaje?"

"Alinieleza asubuhi. Mimi ndiye niliyemkatalia."

Kapteni akajifuta uso. Naye alikuwa mtu mwenye wakubwa. "Basi kamlete. Sasa hivi, kabla mabasi hayajaondoka. Gari halipiti, njia imefunikwa."

Burulkan akaenda kwa miguu. Tope lilikuwa limejaa ndani ya buti, na kila hatua ilitoa sauti. Njiani alijaribu kupanga maneno atakayomwambia msichana, akayapata, akayapoteza. Hakuwa na hasira naye wala huruma. Alikuwa na hamu ya kukaa mahali pakavu, basi.

Mlango wa Saodat ulikuwa wazi. Mgonjwa alilala juu ya magodoro membamba karibu na jiko, amekonda hadi pete imefungwa kwa uzi isianguke kidoleni. Mahliyo alikuwa ameketi nyuma yake amempakata kichwa, anamchana nywele. Alipoiona sare mlangoni hakusimama.

"Nimalize upande huu," akasema.

"Maliza."

Burulkan akapiga simu. Mtandao ulikuwa umerudi. "Nimempata, Kapteni. Yuko chini ya ulinzi wangu. Tunakuja." Kisha akavua kofia akakaa ukutani.

Saodat akafungua macho. "Nani huyu?"

"Mgeni, mama," Mahliyo akasema.

"Mpe chai mgeni. Amelowa."

Msichana akammiminia chai, akaweka na mkate, na vijiduara vya maziwa makavu yenye chumvi. Burulkan akashika bakuli kwa mikono yote miwili. Joto likapita vidoleni likapanda mikononi.

"Unanirudisha, mama?" Mahliyo akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Nakurudisha. Basi linangoja."

"Ninywe nawe bakuli moja kwanza."

"Moja."

Hilo ndilo neno la mwisho analokumbuka. Alipofumbua macho, dirisha lilikuwa jeupe na jogoo wa jirani anawika. Alikuwa amefunikwa shuka zito la pamba. Buti zake zilikuwa nje kizingitini, zimeoshwa, na simu, ambayo Kapteni alikuwa ameipigia hadi chaji ikaisha, ilikuwa imelala kimya kando ya kofia. Kwa dakika nzima Burulkan hakuthubutu kugeuza kichwa. Njia ya kaskazini ilikuwa wazi, barabara ya mjini ilikuwa karibu. Msichana mwenye miguu mizima angekuwa amefika mbali.

Kisha akasikia mtu anakanda unga kwenye ubao. Mahliyo alikuwa pale, mikono nyeupe hadi viwikoni, anamwachia mama yake mkate wa wiki.

"Mbona hukuniamsha?" Burulkan akauliza.

"Ulikuwa unakoroma. Mama alisema tukuache."

"Na mbona hukuondoka?"

Msichana akaendelea kukanda unga. "Ningeenda wapi? Nina mtoto upande ule."

Mkate ukaiva. Mahliyo akamuaga mama yake kwa muda mrefu, na Burulkan akangoja uani akitazama kuku. Wakashuka pamoja hadi daraja la juu. Penye waya Mahliyo akageuka akampa mkate mmoja wa moto umefungwa kwenye kitambaa, akavuka, na Hoshimjon, aliyehamishiwa huko baada ya tope, akampokea upande wa pili.

Tume ikaja kutoka mkoani, mabwana watatu na mwandishi. Walimkalisha Burulkan kwenye lile darasa la hisabati, kwenye kiti cha mtoto.

"Ulilala kazini?"

"Nililala."

"Ulifanya kusudi ili kumpa mhusika nafasi ya kukaa na jamaa zake?"

Burulkan alilifikiria swali lile kwa dhati, kwa kuwa hata yeye alikuwa amejiuliza. Kijijini walishaanza kumsifu kwa moyo wa huruma, na wanawake walimletea jamu. "Sijui, mheshimiwa," akasema. "Nilikuwa nimechoka."

Jibu hilo halikumfurahisha mtu yeyote. Kwa kufungua mlango hawakumwadhibu wala kumshukuru. Walisema hali ilikuwa ya dharura na uamuzi ulifanywa na ofisa aliyekuwa zamu. Kwa kulala alipewa onyo kali, na cheo alichokuwa amengoja miaka sita kikaahirishwa. Luteni Syimyk akavishwa nishani, picha yake ikatoka gazetini amembeba mzee mgongoni, ingawa picha ilipigwa baadaye kwa ajili ya gazeti.

Jumamosi moja kijana akaja nyumbani kwake na paja la kondoo, akasimama uani anatazama viatu.

"Niliwaambia ukweli, dada. Niliwaambia ni wewe uliyefungua. Hawakuandika."

"Mzee yule ulimbeba au hukumbeba?"

"Nilimbeba."

"Basi vaa nishani yako, uingie ndani ule. Nyama ni yako mwenyewe." Mume wake Asankul, aliyekuwa amelala chali kwa ajili ya mgongo, akaanza kumweleza mgeni habari za mgongo huo tangu mwanzo, na Burulkan akaona kwamba huko ndiko kijana alikopata adhabu yake.

Saodat alifariki aprikoti zilipoiva. Karatasi ya msiba haikuwa na kasoro, na Mahliyo akavuka kwa muhuri wa duara, amembeba mtoto. Kulikuwa na kibanda kipya wakati huo, cha plastiki, chenye feni. Burulkan akampekua kama alivyopekua kila mtu: mabega, kiuno, pindo la gauni. Akamshika mtoto wakati mama yake anavaa viatu, na mtoto akamvuta kifungo cha koti.

"Mama alikuulizia," Mahliyo akasema. "Alisema, yule mgeni aliyelowa, alifika salama?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ulifika."

Burulkan akamrudishia mtoto, akatazama pembeni kidogo, akasema, "Nenda, mwanangu. Watakuwa wanakungoja."

Miaka miwili baadaye wakubwa wa nchi mbili wakapatana, na lango likafunguliwa kwa kila mwenye kitambulisho. Watu walipita wakicheza ngoma siku ile. Wengi waliopita walikuwa wamezeeka, na wengi waliotaka kuwaona walikuwa wameshazikwa kwenye kilima kile. Burulkan alisimama mlangoni akipokea pongezi kana kwamba yeye ndiye aliyepatanisha.

Mwezi uliofuata akapeleka barua ya kustaafu. Kapteni Joldoshbek, sasa Meja, akamwita ofisini akamkaribisha kiti.

"Watu wameongezeka mara nne," akamwambia. "Nimetangaza nafasi ya mwanamke, hakuna aliyeomba. Wasichana wote wako Moscow. Nipe mwaka mmoja, dada Burulkan."

Burulkan alitazama nje dirishani. Foleni ilikuwa imefika barabarani, na wanawake walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao wakigawana tikiti maji.

"Nani yuko mlangoni sasa hivi?" akauliza.

"Hakuna mtu. Uko hapa."

Akainuka, akashikilia ukingo wa meza mpaka goti likanyooka, akatoka kwenda kuwaambia waanze kusogea.